Pikapu Yetu Itavuta Trela Gani?
Somo kwa kamati za vikundi vya maji na vya wakulima

Somo hili ni la kamati ambayo tayari ina pikapu na sasa inafikiria kununua trela, au kumwagiza fundi wa jua kali awatengenezee. Mnaweza kulisoma pamoja katika mkutano mmoja wa saa mbili hivi. Mtahitaji ubao au karatasi kubwa, kalamu, logibuku ya gari, na mtu mmoja ambaye hesabu hazimtishi. Kama dereva wenu hayupo siku hiyo, ahirisheni somo mpaka awepo. Yeye ndiye wa kwanza anayepaswa kulisikia.

SHIDA YENYEWE

Katika sehemu kavu kama Kitui, Makueni na Kajiado, kikundi kikipata pikapu, haipiti muda mrefu kabla ya mtu kusimama mkutanoni na kuuliza: kwa nini akina mama waendelee kubeba jerikeni mgongoni na gari lipo? Ni swali zuri. Basi anaitwa fundi. Fundi anaizunguka pikapu mara moja, anapiga tairi teke, anasema, "Mama mwenyekiti, hii ni dizeli. Tanki la lita elfu mbili itavuta bila wasiwasi."

Kamati inafurahi. Safari moja ya lita 2,000 inaonekana rahisi kuliko safari mbili za lita 1,000. Pesa za michango zinatolewa na kazi inaanza.

Fundi hakusema uongo. Pikapu itavuta. Kwenye barabara ya tambarare, kwa gia ya kwanza, pikapu inaweza kuvuta mzigo mkubwa ajabu. Lakini kuvuta ni kazi moja tu kati ya tatu. Gari lenye trela linatakiwa KUVUTA, KUBEBA na KUSIMAMISHA. Swali la "itavuta?" linajibu kazi ya kwanza peke yake. Watu wanaumia, na gari la kikundi linaharibika, kwa sababu ya zile kazi mbili ambazo hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo tutajifunza kuuliza maswali yote matatu, na kuyajibu kwa kilo badala ya macho.

HATUA YA KWANZA: PIMENI MZIGO, SI UKUBWA WA TRELA

Trela tupu haisemi kitu. Andikeni ubaoni uzito wa vitu mnavyotaka kubeba:

- Maji: lita 1 ni kilo 1. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20, bila kuhesabu jerikeni yenyewe. Tanki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima.
- Maziwa: ni mazito kidogo kuliko maji. Lita 1,000 ni karibu kilo 1,030.
- Mahindi: gunia kilo 90. Magunia 10 ni kilo 900.
- Simiti: mfuko kilo 50. Mifuko 20 ni tani moja.
- Mchanga: mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ni karibu kilo 1,600. Ule wa mtoni uliolowa unaweza kukaribia tani mbili.
- Watu: kadirieni kilo 70 kila mmoja.

Sasa ongezeni uzito wa trela yenyewe, tanki tupu, pampu, mipira ya maji na gurudumu la akiba. Jumla hiyo ndiyo uzito wa trela. Fundi akiwaambia "trela hii ni nyepesi," mwulizeni: nyepesi kilo ngapi, ikiwa tupu au ikiwa imejaa?

HATUA YA PILI: TAFUTENI NAMBARI NNE ZA PIKAPU

Kila pikapu ilipotoka kiwandani ilipewa nambari zake. Tunazozitaka ni nne:

1. Uzito wa gari likiwa tupu.
2. Uzito wa mwisho wa gari lenyewe likiwa na dereva, abiria na mzigo wake wote.
3. Uzito wa mwisho wa trela inayoweza kukokotwa. Hapa huwa kuna nambari mbili: moja ya trela yenye breki zake, nyingine ya trela isiyo na breki. Kwa pikapu nyingi, ile isiyo na breki huishia kilo 750 tu.
4. Uzito wa mwisho wa gari na trela kwa pamoja.

Mtazipata wapi? Angalieni kibati au karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, au chini ya boneti, kisha kitabu cha gari. Logibuku huonyesha uzito wa gari tupu na uzito wa mzigo, lakini haiwaambii habari ya trela. Pikapu zilizokuja zimetumika kutoka Japani mara nyingi hazina kibati chenye nambari hizi, na kitabu chake kimeandikwa Kijapani. Hapo chukueni nambari ya chesi mwende kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari, mumwombe awape nambari hizo kwa maandishi.

Msikubali kuazima nambari za pikapu ya jirani kwa sababu jina ni moja. Pikapu mbili za jina moja, moja ya kebini moja na nyingine ya kebini mbili, au zenye injini tofauti, zinaweza kutofautiana kwa zaidi ya tani moja katika uwezo wa kukokota.

HATUA YA TATU: HESABU YENYEWE

Tuchukue mfano. Hii ni pikapu ya somo tu. Ya kwenu itakuwa na nambari zake.

Gari tupu: kilo 1,700.
Mwisho wa gari na mzigo wake: kilo 2,700.
Mwisho wa trela yenye breki: kilo 2,200. Isiyo na breki: kilo 750.
Mwisho wa gari na trela pamoja: kilo 4,500.

Kikundi kinataka tanki la lita 1,000. Trela tupu kilo 450, tanki tupu kilo 30, pampu na mipira kilo 50, maji kilo 1,000. Jumla ya trela: kilo 1,530.

Swali: je, inaingia katika 2,200? Ndiyo. Je, inaingia katika 750? Hapana. Basi trela hii ni lazima iwe na breki zake yenyewe. Hapo hakuna mjadala.

Sasa gari. Kilo 1,700, pamoja na dereva na wanakikundi wawili (210), pamoja na vifaa (60). Jumla 1,970. Ukijumlisha na trela ya 1,530 unapata 3,500. Iko chini ya 4,500. Vizuri.

Tujaribu lile tanki la fundi la lita 2,000. Trela itabidi iwe nzito zaidi, tuseme 650, tanki 50, pampu na mipira 50, maji 2,000. Jumla 2,750. Imepita 2,200 kwa kilo 550. Jibu ni hapana, hata kama injini inavuta, hata kama barabara ni tambarare, hata kama "ni safari fupi tu".

HATUA YA NNE: SOMO LA MKOKOTENI

Kuna uzito mmoja ambao kamati nyingi hausahau, kwa sababu hazijawahi kuusikia. Ni uzito ambao mdomo wa trela unaulaza juu ya mkia wa pikapu, pale zinapounganishwa.

Kila mtu aliyewahi kusukuma mkokoteni anaujua. Ukipanga mzigo wote mbele ya ekseli, mikono inalemewa. Ukiupanga wote nyuma, mikono ya mkokoteni inakuinua mpaka vidole vya miguu vinatafuta ardhi. Punda naye ni vile vile: mzigo ukiwa mbele mno unamkandamiza, ukiwa nyuma mno ukanda unamkaba tumboni.

Trela nayo inataka kulala kidogo juu ya pikapu, si sana. Kipimo kizuri ni karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa trela iliyojaa. Kwa trela yetu ya kilo 1,530, ni karibu kilo 150. Hakikisheni pia kwamba chuma cha kuungia nyuma ya pikapu kinaruhusiwa kubeba uzito huo. Chuma hicho nacho kina mwisho wake.

Mdomo ukiwa mwepesi mno, trela inaanza kutikisa mkia barabarani, kushoto kulia, kila mara zaidi, mpaka inaigeuza pikapu. Mdomo ukiwa mzito mno, nyuma ya pikapu inakaa chini na mbele inainuka. Taa zinaangaza miti, na usukani unakuwa mwepesi kwa sababu magurudumu ya mbele hayashiki barabara sawasawa. Hata ile 150 ya kawaida, kwa kuwa iko nyuma ya ekseli, inaweza kuzitwisha springi za nyuma kilo 210 na kuyapunguzia magurudumu ya mbele kilo 60. Ni kama mtoto aliyekaa kwenye ncha ya ubao wa bembea.

Kuupima si kazi ngumu. Chukueni ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia magunia. Jazeni trela, iegesheni mahali tambarare, zuieni magurudumu kwa mawe, kisha ning'inizeni mdomo wake kwenye mizani, ukiwa katika kimo kile kile cha kuungia. Ukiwa mwepesi, sogezeni tanki mbele kidogo. Ukiwa mzito, lirudisheni nyuma. Fanyeni hivi KABLA fundi hajachomelea tanki moja kwa moja.

Sasa angalieni jinsi uzito huu unavyoweza kutudanganya. Mtu anasema: "Tukienda kuchota maji, turudi na mifuko 14 ya simiti ya darasa." Mifuko 14 ni kilo 700. Gari 1,970 na 700 ni 2,670. Mwisho ni 2,700. Kila mtu anapiga makofi. Lakini ongezeni zile 150 za mdomo wa trela, maana zinabebwa na pikapu: 2,820. Tumepita. Pikapu hii, ikiwa na trela hiyo ya maji, inaweza kubeba mifuko 11, si 14. Kumbukeni kwamba jumla ya gari na trela bado ilikuwa chini ya 4,500. Nambari moja ilisema ndiyo, nyingine ikasema hapana. Kanuni ni hii: INAYOSEMA HAPANA NDIYO TUNAYOISIKILIZA.

HATUA YA TANO: MASWALI KWA FUNDI

Mafundi wetu wa jua kali wana ujuzi, na trela nyingi nzuri zimetoka mikononi mwao. Lakini fundi hutengeneza kile anachoagizwa. Kamati isiyouliza haiwezi kumlaumu baadaye. Ulizeni haya, na majibu yaandikwe kwenye karatasi ya makubaliano:

Ekseli imetoka wapi? Kama imetolewa kwenye gari dogo la zamani, ilitengenezwa kubeba gari hilo, si tani moja na nusu ya maji.

Matairi yanabeba kilo ngapi? Ubavuni mwa tairi, baada ya vipimo vyake, kuna nambari ya mzigo. 91 maana yake ni kilo 615. 100 ni kilo 800. 104 ni kilo 900. Trela yetu, tukiondoa 150 zinazolala juu ya pikapu, inaweka kilo 1,380 kwenye matairi yake mawili. Matairi mawili ya 91 yanabeba 1,230 tu. Hayatoshi, hata kama ni mapya. Mawili ya 100 yanabeba 1,600. Hayo yanafaa, yakijazwa upepo unaotakiwa.

Breki ni za aina gani? Kwa trela ndogo, zinazotumika sana ni zile zinazojifunga zenyewe. Pikapu ikipunguza mwendo, trela inaisukuma kutoka nyuma, na msukumo huo unavuta waya au fimbo inayokaza breki za trela. Fundi awaonyeshe zikifanya kazi, trela ikiwa imejaa.

Minyororo ya usalama iko wapi? Iwe miwili, ipite chini ya mdomo wa trela kwa kukatana kama alama ya X, ili ule mdomo ukichomoka uangukie minyororo na si lami.

Tanki lina vizuizi ndani? Maji ni mzigo unaotembea. Tanki lililojaa pomoni halitikisiki sana, lakini lililojaa nusu linapiga mbele ukifunga breki na linapiga pembeni kwenye kona. Tanki liwe na kuta ndogo ndani zenye matundu. Kama halina, sheria ya dereva iwe: lijae au liwe tupu.

HATUA YA SITA: BARABARANI

Hapa kazi ya tatu, ya kusimamisha, ndiyo mtihani. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza haiwi mara mbili. Inakuwa mara nne. Pamoja na tani na nusu inayosukuma kutoka nyuma, dereva aliyezoea pikapu tupu atashangaa siku mbuzi atakapovuka ghafla. Mwendo wa kilomita 60 unatosha, na kwenye maramu yenye mashimo hata huo ni mwingi.

Kwenye mteremko, teremka kwa gia ile ambayo ungepandia. Ukikanyaga breki muda mrefu zinapata moto, na breki zenye moto hazishiki tena. Mteremko wa Salgaa na Sachangwan umewafunza Wakenya jambo hili kwa machozi mengi. Dereva akisikia harufu ya kuungua, asimame mahali pa usalama asubiri zipoe.

Trela ikianza kutikisa mkia, usifunge breki kwa nguvu wala usipambane na usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, acha mwendo upungue wenyewe. Kisha simama mwangalie mzigo ulivyokaa.

Kwa wanaoishi nyanda za juu: injini isiyo na taabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kila unapopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Pikapu iliyovuta vizuri Mombasa itahema Timboroa, ambako ni zaidi ya mita 2,700. Baadhi ya watengenezaji huagiza mzigo upunguzwe kwa kiasi hicho hicho.

Na jambo moja bila mzaha: trela haibebi watu. Si watoto wa shule, si akina mama wanaotoka sokoni, hata kama mvua inanyesha na njia ni moja.

KARATASI

Katika Kenya trela husajiliwa peke yake na hupewa nambari yake inayoanza na Z. Kabla ya kulipa fundi hata shilingi, mtu wa kamati aulize NTSA kuhusu usajili, ukaguzi, na kama leseni ya dereva wenu inamruhusu kukokota trela. Aulize pia kampuni ya bima kama bima ya pikapu inahusu trela. Ajali ikitokea gari likiwa limezidishwa mzigo, bima inaweza kukataa kulipa, na deni litabaki mlangoni kwa wanakikundi.

BASI TUAMUE NINI?

Kikundi cha mfano wetu kina uamuzi wa kufanya. Tanki la lita 2,000 litaleta maji mengi kwa safari moja, mpaka siku klachi itakapoungua, au springi zitakapokatika, au breki zitakapokataa. Tanki la lita 1,000, safari mbili, litatumia dizeli zaidi kila wiki, na pikapu itakuwepo mwaka ujao, na dereva pia. Haba na haba hujaza kibaba.

Mtu atasema kuwa safari mbili ni gharama. Ni kweli. Andikeni gharama hiyo ubaoni, kisha andikeni kando yake bei ya giaboksi, na mezi mingapi kikundi kitakaa bila gari likiwa gereji. Wanachama wapige kura wakiwa wanaona nambari zote mbili.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nambari nne za pikapu yetu ni zipi? Nani atazitafuta, na ataleta lini?
2. Kikundi cha mfano kinaondoa tanki na pampu, kinapakia magunia 12 ya mahindi kwenye trela ile ile ya kilo 450. Trela itakuwa na kilo ngapi? (Jibu: 1,530, sawa na ile ya maji.) Wakipakia magunia 20 je? (Jibu: 2,250. Imepita kwa kilo 50.) Ni magunia mangapi ya mwisho? Na matairi yale ya kilo 800 kila moja, yanakubali idadi hiyo?
3. Dereva akikataa kuondoka kwa sababu mzigo umezidi, nani katika kikundi atamuunga mkono? Tuandike katika sheria zetu kwamba hatafukuzwa wala kukatwa pesa kwa sababu hiyo.
4. Ni wapi karibu nasi kuna mizani ya magari, kama ile ya maghala ya nafaka, ambapo tunaweza kupima gari na trela zikiwa zimejaa?

Swali la tatu msilipite haraka. Hesabu zote za somo hili zinaweza kuwa sahihi ubaoni, na bado saa kumi jioni mtu mwenye sauti kubwa akamwambia dereva, "Ongeza tu gunia mbili, si mbali." Wakati huo dereva anahitaji sheria iliyoandikwa na kamati iliyoitia sahihi.